Mto Mwekundu wa Mwajabu

Mkalia mto ndiye ajuaye uchungu wa kigoda.

Bibi Zuhura aliwatupia wajukuu zake maneno hayo walipokuwa wakinung'unika kwamba binamu yao amesamehewa kufagia uwanja. Mkubwa wao, Nasra, akauliza, "Bibi, mto gani huo? Na kigoda cha nani?"

Bibi hakuacha kuchambua majani ya mlenda yaliyokuwa kwenye ungo. "Kaeni, maana nyinyi mnaweza kukaa," akasema. "Methali hii ilianza hivi."

Hapa hapa Kondoa palikuwa na fundi cherehani aitwaye Kibwana. Dukani mwake wanawake walishona, na desturi ya duka ilikuwa moja: anayeshona hukaa, anayekata husimama. Vigoda vilikuwa vingi, lakini meza ya kukatia ilikuwa moja, na mkasi mkubwa wa kukatia ulikuwa mmoja. Mwenye kuushika ndiye aliyeitwa fundi mbele ya wateja. Wengine waliitwa "nyie wa mashine".

Sikudhani alikuwa amekanyaga cherehani miaka tisa akiusubiri mkasi huo. Mkataji wa zamani alipohamia kwa wanawe, Sikudhani alijifunga kanga mpya, akaja mapema, akaifuta ile meza mpaka ikang'aa. Alikuwa na hakika zamu yake imefika.

Asubuhi hiyo hiyo akaingia Mwajabu, msichana wa juzi tu, ambaye hata mwaka wa pili alikuwa hajaumaliza. Alikuwa amekosekana kazini wiki nzima, na hakuna aliyeambiwa alikuwa wapi. Alitembea taratibu kama bibi harusi anayehesabiwa hatua. Fundi Kibwana akamwongoza hadi kwenye meza, akamkabidhi mkasi, akasema, "Utakata wewe kwa sasa."

Sikudhani akakikunja kitambaa alichofutia meza, akarudi kwenye cherehani yake.

Na mkasi ulikuwa mwanzo tu. Mwajabu aliletewa mto mwekundu wa sufi, mnene, ukawekwa juu ya kigoda chake ili akichoka kusimama apumzike kidogo. Nani mwingine dukani alikuwa na mto? Wenzake walikula ugali mgumu na maharage. Yeye alikula papai, mlenda na uji wa ulezi, na maji aliyokunywa yangetosha kunywesha ng'ombe. Kisha kila siku alichukua beseni na chupa ya maji moto, akaingia chumba cha nyuma, akajifungia robo saa nzima. Fundi alikuwa amekataza mtu yeyote kubisha mlango ule.

"Malkia ameenda kuoga," Sikudhani alisema kwa sauti, sindano ikienda mbio. "Sisi jasho letu litakauka lenyewe."

Wenzake walicheka. Mwajabu alisikia, lakini hakujibu. Kule kunyamaza kwake kulimchoma Sikudhani kuliko tusi, maana alikuona ni maringo. Akilala aliuota ule mto. Akiamka aliuona mkasi.

Siku ya Ijumaa, Fundi Kibwana alipokwenda msikitini, shangazi wa bibi harusi mmoja alikuja kufuata gauni. Gauni lilikuwa halijapigwa pindo. Sikudhani akaona nafasi yake. Aliuchukua ule mto, akaufukia ndani ya gunia la vipande vya mabaki, kisha akaita mbele ya mgeni:

"Mwajabu, mdogo wangu! Cherehani yangu imekatika mkanda. Hebu kaa kwenye yako utumalizie pindo hili."

"Dada Siku, naomba mwingine alipige."

"Mwingine nani? Au mkasi umekusahaulisha kushona?"

"Basi ngoja Fundi arudi."

"Haya, mama," Sikudhani akamgeukia mgeni, "fundi wetu wa meza hawezi hata pindo. Ndio mafundi wa siku hizi."

Mwajabu alitazama kigoda kitupu. Alikitazama kama mtu anavyotazama jiko lenye makaa. Akakaa.

Alikanyaga cherehani huku amejiuma mdomo. Jasho lilimtiririka shingoni, lakini pindo lilinyooka. Alipomaliza, akainuka kwa kushikilia meza. Sikudhani aliyekuwa nyuma yake, akijiandaa kutoa kasoro, akaona doa la damu kwenye sketi, na jingine juu ya mbao za kigoda.

Akaivua kanga yake mpya, akamfunga Mwajabu kiunoni kabla mgeni hajageuka, akamshika mkono hadi chumba cha nyuma.

"Una nini, mdogo wangu?"

"Bawasiri, dada. Zilinitesa mwaka mzima, mpaka daktari akazikata. Leo ni siku ya kumi na moja." Mwajabu alilia bila sauti. "Kaniambia nisikae muda mrefu, nile vilaini, nikitoka chooni nikalie maji ya vuguvugu. Choo chenyewe nakiogopa kama simba. Nilimwapisha Fundi asimwambie mtu. Nitaolewa na nani wakijua?"

Sikudhani akachutama kumimina maji ya vuguvugu kwenye beseni. "Mimi nilidhani umependelewa."

"Nipendelewe nini? Wewe unautamani mkasi. Mimi kutwa nasimama pale nakutazama unavyokaa. Unakaa tu, dada, bila hata kufikiri! Nakuonea wivu mpaka nakuchukia."

Sikudhani alimsogezea beseni. Alitoka, akakisugua kigoda kwa maji na sabuni. Fundi Kibwana aliporudi alimkuta akiutoa mto kwenye gunia la mabaki. Alimtazama, akatazama gunia, akapita.

Majuma matano baadaye Mwajabu alipona. Alirudi kwenye cherehani yake, akakaa polepole, kisha akacheka peke yake kwa raha. Mkasi Fundi aliutundika msumarini, akawa anakata mwenyewe. Hakumpa Sikudhani mwaka ule, wala Sikudhani hakuuliza kwa nini.

Lakini kabla ya hapo, ule mto ulipokuwa ungali juu ya kigoda, mshonaji mmoja mgeni aliuona, akaguna: "Kwani huyu ni nani hata akalie mto, sisi tukae kwenye mbao?"

Duka zima lilimgeukia Sikudhani, kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kuficha kitu. Siri alikuwa nayo, na Mwajabu pale mezani alikuwa ameshusha mkasi, hapumui.

Sikudhani hakuinua macho kwenye kitambaa chake. "Shona, mwanangu," alisema. "Mkalia mto ndiye ajuaye uchungu wa kigoda."