Taji la Mama Euzebia

Hapo zamani, huko Ufipa kwenye baridi, palikuwa na mtoto aitwaye Euzebia. Ndui iliwachukua wazazi wake akiwa na miaka saba. Shangazi yake, Generoza, akamchukua, akamlaza zizini na mbuzi. Usingizi ukamjia kwa joto la mbuzi. Akajua kuwakamua, na vitoto vilivyokataliwa na mama zao akavinywesha maziwa kwa kidole.

Kila jioni jirani yao Pulkeria, mfinyanzi, alimwita kwa siri akampa ugali na maharage. Na Jumapili Euzebia alimshika mkono katekista kipofu, mzee Kasiano, akamwongoza kanisani. Wakipumzika njiani, mzee alichora herufi mchangani kwa fimbo, mtoto akasoma.

Euzebia akakua. Siku moja akaokota kichanga kilichotupwa, akakilea kwa maziwa ya mbuzi. Wakaletwa yatima wengine, wakaja wasichana kumsaidia, hata Euzebia akamwandikia askofu barua, naye akawakubali wawe shirika la masista.

Ikafika jubilei ya miaka ishirini na mitano ya utawa wake. Desturi, mzazi ndiye humvika sista taji la maua. Euzebia akasema, "Aliyenilea na anivike."

Wakasimama watatu.

Pulkeria akasema, "Nilimlisha mimi. Tumbo tupu halianzishi shirika."

"Ulimlisha, dada, kisha ukamrudisha zizini," akasema Kasiano. "Mimi nilimpa herufi. Barua iliyomfikia askofu ilitoka mchangani pangu."

"Nawe ulikuwa ukitafuta macho ya kukufikisha kanisani," akajibu Pulkeria.

Watu wakacheka, na Kasiano akacheka kuliko wote.

Generoza akaja polepole na mkongojo wake. "Mimi nilimtesa. Nimeungama, na bado naona haya. Lakini kulea mtoto kwa maziwa ya mbuzi alijifunzia wapi, kama si zizini kwangu? Nanyi wawili mlijua anakolala. Nani alimtoa? Damu yake iliyobaki ni mimi."

 Euzebia akawatazama mmoja mmoja, akicheka huku machozi yakimtiririka.

"Kichwa changu ni kimoja," akasema. "Jamani, niamulieni."

Basi nanyi mnaonisikiliza, askofu amesimama na taji mkononi, na pilau inapoa. Aliyemlisha, aliyemfundisha, au aliyemtesa akatubu: je, nani alistahili kumvika?