Faili la King'ora cha Msindi

Sogeeni, hata wewe unayejifanya husikii. Juu ya bonde la Msindi palikuwa na mabinti watatu walioacha shule kabla ya kumaliza. Nakiete alijua kuandika programu. Mkunde hakujua kuandika hata mstari mmoja, lakini hakusahau kitu kilikowekwa. Eliwaza alisoma kila ujumbe wa kompyuta, hata ile ambayo wengine huifunga haraka.

Walitunza ving'ora vya mafuriko. Adhuhuri moja mlinzi wa tuta la kuzuia mto akaita kwenye redio: tuta lina ufa, halitafika alasiri. Ving'ora vilipangwa kulia maji yakifika mita sita. Sasa mita nne zingetosha kuua. Swichi ya mkono ilikuwa imeungua kwa radi. Ilibidi programu ijengwe upya, na mama zao walikuwa mashambani, bondeni.

Nakiete akabadilisha kipimo kiwe mita nne. Kosa la tarakimu moja lingenyamazisha kila king'ora, kwa hiyo akaitungia zana ya kujengea programu kazi mpya ya kukagua kipimo. Zana ikagoma: faili msaidizi la kazi hiyo halijapatikana. Mtandao ulikuwa umekatika.

Mkunde akakumbuka nakala kwenye flashi iliyoachwa katika kompyuta ya zamani, ghala la chini, ambako maji yalifika kiunoni. Akaenda. Nakiete hakuthubutu kuchungulia dirishani. Mkunde akarudi na flashi ameiuma kwa meno, mguu ukivuja damu.

Wakaliweka faili kando ya programu. Zana ikajibu vilevile: halijapatikana.

"Si hilo hapo? Ni kipofu?" Mkunde akauliza, analia.

"Si kipofu, dada," Eliwaza akajibu. "Ni mgeni jikoni, hafungui kabati asiloonyeshwa."

Eliwaza akasoma kosa mpaka mwisho. Programu ilikuwa na orodha yake ya njia za kutafutia mafaili. Kazi mpya ya kukagua ilihitaji orodha yake yenyewe, nayo ilikuwa tupu. Akaandika humo mstari mmoja, njia ya kulifikia faili.

Programu ikajengwa, na kwa kuwa maji yalikuwa yamepita mita nne, ving'ora vikalia. Watu walipomaliza kupanda kilima, tuta likaenda na maji.

Kamati ya bonde ina nafasi moja tu ya chuo, ya aliyeliokoa. Nakiete anasema bila kazi yake ving'ora visingepangwa upya. Eliwaza anasema faili lisiloonekana ni sawa na lisilokuwepo. Mkunde anafunga kidonda cha mguu wake.

Kesho litaandikwa jina moja, na wawili watabaki kilimani wakisikiliza mto. Ukipewa kalamu wewe, utaandika la nani?