Maji ya Hapo Tu

Mtu mmoja aliyeitwa Mwandoe alikuwa na daftari la maswali arobaini. Alikuwa ameuza nyumba yake ya mjini, akaja kuikagua kaunti yetu apate mahali pa kuishi kwa jasho lake mwenyewe, ale alichopanda, asimwombe mtu hata kijinga cha moto. Udongo aliuonja kwa ulimi. Mvua aliulizia ya miaka kumi. Vichuguu vya mchwa alivihesabu kimoja kimoja. Mimi na darasa la sita tuliachana kwa ugomvi, lakini hakuna jiwe la huku lisilonijua kwa jina. Hakuniuliza kitu.

Alipofika kwenye swali la maji, aliuliza watu watatu, na wote wakamjibu, "Hapo tu." Akaandika: maji, karibu. Jamani! Mtu anaonja udongo, halafu neno analimeza bila kulitafuna!

Akanunua. Akaleta miche mia mbili ya miparachichi, na baada ya hiyo hakubakiwa na kitu kingine cha kutumainia. Kisha akazungusha ua wa michongoma, na upande wa majirani hakuacha hata upenyo wa kuku. Nilimwambia aache mlango huko. Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa na mbuzi.

Asubuhi ya kwanza alibeba madumu mawili, akashika njia peke yake. Akapanda, akateremka, akavuka korongo, akapanda tena. Aliporudi jua lilikuwa utosini, nusu ya maji imemwagika njiani, na miche imeinamisha vichwa. Akauzunguka ua wake wote hadi kwa jirani yake, Mama Wakesho, akafoka:

"Mlinidanganya! Mlisema hapo tu!"

Mama Wakesho alikuwa anachambua mboga. Hakuinuka.

"Hapo tu ni ya watu wanaokwenda wakipiga soga, baba. Wewe ulikwenda na nani?"

Na neno letu halikuwa uongo. Njia ile ile, tukiwa saba, tunamsengenya wa nane ambaye hakuja, huisha kabla ya kisa kwisha. Siku moja niliwachekesha mpaka tukakipita kisima.

Kesho yake alfajiri Mwandoe alisikia vicheko vya watu waendao majini vikipita nyuma ya ua. Akanyakua madumu, akakimbilia upande ule. Miiba. Hadi azunguke kupitia mlango wake, vicheko vilikuwa vimeshavuka korongo. Hata hivyo ua hakuukata mlango, na miche ile, siku baada ya siku, ikageuka kuni.

Sasa anazunguka anasema kaunti yetu haifai. Haifai! Basi ninyi mnaotujia na madaftari, mniambie: katika maswali yale arobaini, la kujikagua mwenyewe lilikuwa la ngapi?