Wanajiolojia Thelathini

Isome hii mpaka mwisho, halafu ndiyo uitume kwa wale jamaa zako wanaojua kila mtu yukoje kabla hajafungua mdomo. Wenyewe watajijua.

Kwenye chuo kikuu kimoja, kikubwa mpaka mtu anaweza kumaliza miaka mitatu bila kufika upande wa pili, palikuwa na binti aitwaye Nshoma. Alikuwa anasomea ualimu. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Pale chuoni kila kozi ilishapewa sifa yake: wanasheria wana midomo, wahandisi hawaogi, wanajiolojia ni walevi, na watu wa ualimu ni wale waliokosa pa kwenda. Nani alizipima sifa hizo? Hakuna. Kila aliyeingia alizikuta zinasemwa, naye akazisema.

Muhula ule Dokta Sichone, mhadhiri wa utafiti, somo ambalo kila mwanafunzi lazima alisome, akatoa kazi ya vikundi. "Nendeni mkawahoji wenzenu mia na ishirini wa kozi mbalimbali," alisema. "Mniletee jibu. Haya yasemwayo ni kweli au ni uzushi?" Asiyepata alama za kazi hiyo haruhusiwi kufanya mtihani.

Nshoma akapangwa na wenzake watatu. Mwenyekiti wao alikuwa Audifasi wa sheria, kijana wa tai na maneno mengi. Akagawa kazi palepale.

"Mhandisi atapiga hesabu. Wa biashara atatengeneza majedwali. Mimi nitawasilisha. Dada wa ualimu, wewe zungusha karatasi za maswali. Hiyo haihitaji kichwa."

Wenzake wakacheka. Nshoma akachukua karatasi.

Alizunguka siku tisa. Alisimama mlangoni mwa kafeteria, akapanda ngazi za mabweni, akafukuzwa maabara mara mbili. Kila aliyemhoji alimwomba saini na namba ya simu. Akapata watu arobaini na wawili, na majibu yao yalimshangaza hata yeye. Alimkuta mwanasheria mwenye haya asiyeweza kuzungumza mbele ya watu watatu. Alimkuta mhandisi anayepiga pasi mpaka soksi. Alimkuta mwenzake wa ualimu aliyekuwa na alama za kusomea udaktari akaukataa. "Nataka kufundisha," yule alimwambia. "Kwani ni dhambi?"

Audifasi alizipekua zile karatasi, akaguna, akamrudishia.

"Hizi zitatuharibia."

"Ndivyo walivyojibu," Nshoma akasema.

"Wamekudanganya. Na wewe nawe, utafiti utaujulia wapi? Wanajiolojia ni walevi, chuo kizima kinajua. Mpaka tukawaulize?"

Basi mchana uleule wale watatu wakakaa kantini, sahani za chipsi mbele yao, wakajaza karatasi mpya mia na ishirini wenyewe. Huyu tuseme ni wa sheria, anaongea sana, weka tiki. Huyu mhandisi, haogi, weka tiki. Hata aibu hawakuona! Nshoma alipowakuta akapandwa na hasira, akawaambia huo ni wizi. Audifasi akamwonyesha ukurasa wa kwanza wa ripoti.

"Jina lako hili hapa. Ukileta za kuleta, nalifuta. Mtihani utausikia kwa wenzio."

Nshoma akanyamaza. Kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo, na mama yake alishamtangaza kijiji kizima. Lakini alijichukia kwa ule ukimya kuliko alivyomchukia Audifasi.

Siku ya kuwasilisha, Audifasi alitiririka kama bomba.

"Asilimia tisini na mbili, Dokta! Yasemwayo ni kweli tupu. Kwa mfano, wiki iliyopita tuliwahoji wanajiolojia thelathini wa mwaka wa tatu, na ishirini na tisa wamekiri kwamba hulewa kila wiki."

Dokta Sichone akavua miwani. "Mliwahojia wapi?"

"Hapahapa chuoni, Dokta."

"Wanajiolojia wa mwaka wa tatu wako kwenye migodi ya Chunya kwa mafunzo, wote, tangu mwezi uliopita. Binti yangu ni mmoja wao. Hao thelathini mmewafufua?"

Mhandisi akainamia viatu vyake. Dokta akapiga meza kwa kiganja.

"Nani amepika majibu haya?"

Na hata kabla hajajibiwa, alimgeukia Nshoma.

"Wewe si ndiye wa ualimu? Nilijua tu. Mmekosa pa kwenda, mmebaki kupika majibu. Una sifuri, na utoke nje!"

Audifasi akadakia haraka, "Ni kweli Dokta, yeye ndiye aliyezungusha karatasi."

Nshoma akasimama kwa hasira. Akafungua mkoba, akazitoa zile karatasi zake arobaini na mbili, akazibwaga mezani.

"Zangu ni hizi. Kila moja ina saini na namba ya simu, piga yoyote. Hizo zingine walizijaza hawa watatu kantini. Nilijua, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, niadhibu kwa hilo. Lakini Dokta, sisi tuko wanne. Umejuaje kwamba ni mimi?"

Dokta akapiga namba ya kwanza, akapiga ya pili, akapiga ya tano. Wote wakasema ndiyo, walihojiwa, na huyo dada hana haraka, anasikiliza. Akaivuta ripoti ya Audifasi, akaandika sifuri tatu mbele ya majina matatu. Akamkata Nshoma alama tano kwa kunyamaza kwake, zilizobaki zikamtosha kufanya mtihani.

Kisha akabaki ameshika kalamu, asijue aitue wapi.

"Somo hili nimelifundisha miaka kumi na minane," akasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nijiandikie nini?"

Hasira ya Nshoma ilikuwa bado haijashuka.

"Andika kilichotokea, Dokta. Wao walau walihangaika kujaza karatasi. Wewe, samahani, hukuhitaji hata kalamu."

Funzo: Ukimhukumu mtu kwa kundi lake, umemjibia swali ambalo hukumuuliza, huo ni uongo, hata ukisemwa na chuo kizima, na anayeujua akanyamaza ameshirikiana nao.