Fisi na Karibu ya Nyuki

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa shamba!
Shamba la nani?
— Sema, tusikie!

Hapo kale palikuwa na Bi Digidigi, miguu yake kama njiti za kiberiti. Alikuwa na shamba la mapera aliloachiwa na mamaye. Wanyama walikwenda kutembea huko, naye aliwapokea langoni kwa wimbo:

Mapera chumeni,
Bembea pandeni,
Kijitoni ogeni,
Kwa nyuki, jamani, kaeni pembeni!

Siku moja akaja Fisi. Wimbo aliusikia? Aliusikia. Aliufuata? Ngojeni.

Akala mapera. Akapanda bembea. Akaoga. Kisha pua ikanusa asali. Mbio! Kichwa ndani ya mzinga!

Alitoka na uso kama boga. Huyoo, kwa Hakimu Kobe! Sheria ya mwitu ilisema: mgeni akiumia kwako, mfidie. Na Fisi alitaka fidia gani? Shamba zima!

Kobe akaja shambani, pole, pole, pole. Kesi ilikuwa ianze Jumatatu. Yeye akafika Alhamisi.

"Nilikuja mzima!" Fisi akalia. "Nitazameni sasa!"

Bi Digidigi akawaza. Akikosa shamba, atalala wapi? Lakini akauliza, "Bwana Fisi, pale mzingani ulipiga hodi?"

Fisi akafikiri. Aingiaye bila hodi ni mwizi, na mwizi hafidiwi.

"Nilipiga! Unanionaje, sina adabu?"

"Mara ngapi?"

"Tatu!"

"Ukajibiwa?"

Fisi akafikiri tena. Hodi tatu bila jibu, mtu hurudi kwao.

"Nilijibiwa, tena kwa bashasha! Karibu, karibu, karibu!"

"Nani alikujibu?"

"Nyuki, Bi mkubwa! Si ndio wenye nyumba?"

Kobe akatoa shingo yote nje.

"Aliyesema karibu ndiye mwenyeji. Pale hukuwa mgeni wa Bi Digidigi, ulikuwa mgeni wa nyuki. Kadai kwao. Hao hapo, wanakusubiri."

Fisi akatazama mizinga. Mizinga ikavuma: vuuuu!

"Mheshimiwa," akasema, akirudi kinyumenyume, "mbona uso umeshapoa?"

Akatimka, na boga lake usoni. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile Fisi aliiona ndefu!

Hadithi yangu imefika langoni. Anayetoka, kwaheri. Anayeingia, apige hodi, na asikilize wimbo.