Shukrani Zilizotolewa Kaburini

Akina mama wenzangu, nisikilizeni kidogo, na anayebembeleza mtoto asitoke nje, abembeleze hapahapa.

Kulikuwa na binti mmoja, mtoto wake bado ananyonya, akampeleka mama yake hospitali. Mama alikwenda kwa miguu yake, ana kidonda tu kwenye unyayo, njiani anatania, "Nikilazwa, mjukuu wangu usimpikie uji mwepesi kama wa wafungwa." Akalazwa. Daktari akaja na sindano. Binti akasema, "Samahani, daktari, hiyo dawa mwili wa mama unaikataa, mwaka juzi ilimvimbisha koo."

"Dada, udaktari umesomea wapi?"

"Sijasomea, ila mwaka juzi..."

"Basi mshike mkono asitikisike."

Na akaushika! Mnanielewa? Akamshikia mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Hajamaliza hata kumfunga mtoto mgongoni, mama koo limeziba, macho yanamtafuta yeye, hewa haipiti. Akafa palepale, huku anaangaliwa.

Msiba ukajaa watu. Na misiba yetu mnaijua: lazima msemaji wa familia asimame kaburini atoe shukrani, kwa mchungaji, kwa kwaya, kwa wapishi, kwa waliotuazima maturubai, na kwa madaktari. Akasimama mjomba, ambaye hospitalini hakukanyaga, akasema, "Kipekee tunamshukuru daktari, alimpigania dada yetu mpaka pumzi ya mwisho." Watu wote wakaitikia, Amina. Binti naye, Amina. Angefanyaje? Amkatize mjomba wake mbele ya jeneza?

Matanga yalipoanuliwa, moyo ukamkatalia. Akapeleka malalamiko kwenye baraza la madaktari. Ndugu wakamjia juu. Shangazi akamwambia, "Hospitali tunayo hiyo moja tu, mwanangu. Huyo mtoto akishikwa na homa utamkabidhi nani? Mwachie Mungu." Na kuogopa aliogopa kweli, mtoto akikohoa tu jasho linamtoka yeye. Lakini alitaka mtu mmoja mwenye mamlaka aseme kwamba mama yake hakuuawa na kidonda, na daktari yule asije akamfanyia hivyo mama wa mwingine. Akaenda hivyohivyo na woga wake, akambembeleza na mjomba mpaka mjomba akakubali kwenda naye.

Siku ya kusikilizwa, mwanasheria wa hospitali hata hakubishana. Akawasha video ya mazishi. Sauti ya mjomba ikajaa chumba kizima, alimpigania dada yetu, kisha kamera ikageuka ikatua usoni kwa binti, midomo yake inasema Amina.

"Huyo ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Sasa tumwamini yupi? Wewe wa kaburini, au wewe wa hapa?"

"Wa hapa. Kule... kule nilimwonea aibu mjomba."

Mwenyekiti akamgeukia mjomba. "Na wewe, mzee, ulimwona daktari akimpigania marehemu?"

Mjomba akatazama viatu vyake. Wazee wenzake wa kanisa walikuwa wamekaa nyuma, wanamsikiliza. "Nilichosema kaburini," akajibu, "ndicho hichohicho."

Malalamiko yakatupwa. Mpaka leo mama yule anahesabiwa amekufa kwa kidonda.

Wapendwa, nani alimshinda binti yule? Daktari? Daktari siku ile hata hakufungua kinywa! Ni sisi. Sisi tunaosimama mbele ya Mungu aliyeona kila kitu, jeneza liko hapo, tunashuhudia tusichokiona kwa sababu ndivyo inavyosemwaga. Halafu tunamgeukia mfiwa tunamwambia, mwachie Mungu. Tumwachie nini, na ushahidi tumeshauharibu wenyewe?

Jumamosi tunazika mama mwingine tena. Nawaomba, kabla msemaji hajashika kipaza sauti, mmoja wetu amfuate yule aliyemuuguza mgonjwa wodini, amuulize taratibu, "Mama amekufaje?" Akianza kulia, tukae naye chini. Wenye makoleo wasubiri, na chakula kipoe tu. Atuambie kwanza.