Ghorofa ya Nguchiro

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi ambazo hata ngiri alivaa koti, Nguchiro aliishi na wanawe ndani ya kichuguu kikongwe bondeni. Mchwa walikwisha kukihama. Bibi yake ndiye aliyekiingia akiwa bibi harusi, akachimba humo kijumba kwa kucha zake. Alama za kucha hizo zilikuwa bado ukutani, na kila jioni kabla ya kulala Nguchiro alizipapasa.

Mbele ya mlango ulipita mtaro. Enzi za bibi, mtaro ule ulileta maji ya chemchemi hadi katikati ya kijiji. Ukiziba tu, ngoma ililia, ndu! ndu! ndu! na wote wakatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja. Tembo alileta mkonga, nguchiro wakaleta kucha, uji ukapikwa chungu kimoja. Hakuna aliyemuuliza mwenzake nyumba yake ina ukubwa gani.

Kisha ikaja Halmashauri. Mwenyekiti wake, Kiboko, akasema, "Msijichoshe, ndugu zangu. Lipeni kodi ya nyumba, kuchimba tuachieni sisi."

Wakalipa. Mvua ikashusha tope, tope likaziba mtaro palepale mlangoni kwa Nguchiro. Mwaka ukapita, bajeti ikasomwa: viazi vyote vya kodi vimetumika kutengeneza dimbwi la Mwenyekiti. Mwaka wa pili, dimbwi. Wa tatu, dimbwi tena. Watoto wakawa wanafuata maji mbali, ndoo kichwani.

Asubuhi moja, ko! ko! ko!

"Hodi! Mthamini wa nyumba!" Alikuwa Ngiri, koti limembana shingoni.

"Karibu ndani, mzee."

"Ndani nifuate nini? Jicho langu limesomea." Akakizunguka kichuguu, akainua pua hadi kileleni. "Alaa! Mama, hii ni ghorofa! Juu vyumba, chini sebule kubwa ya wageni. Utalipa vikapu ishirini vya viazi."

"Ishirini! Mzee, kichuguu kirefu kwa nje tu. Ndani tunalala tumebanana kama njugu."

"Usipolipa kabla ya siku ya gulio, nyumba tunaichukua."

Akaondoka, mkia juu kama bendera.

"Mama, tutahama?" watoto wakauliza.

 Nguchiro alipapasa ukuta, kucha zake ndani ya alama za kucha za bibi. Halafu akaanza kucheka.

Jirani yake, Mama Kanga, akachungulia. "Mwenzangu, unafukuzwa nawe unacheka?"

"Naicheka sebule yangu, shoga. Miaka yote hii sikujua kama ninayo!"

Akaenda moja kwa moja kwa Kiboko, akapiga magoti. "Shikamoo, Mheshimiwa. Nasikia kikao cha bajeti mnakifanyia juani. Aibu gani hii, nami nina sebule kubwa? Njooni kwangu siku ya gulio. Kuna kivuli, kuna togwa."

"Marahaba! Togwa ya baridi?"

"Baridi mpaka meno yaume."

"Tutakuja sote!"

Siku ikafika. Kijiji kizima kikakusanyika. Kiboko akautazama mlango, mdogo kama mdomo wa chungu.

"Ngiri, sebule yenyewe ndiyo hii?"

Jasho likamtoka Ngiri. Kusema hapana asingeweza, watu wote wanamtazama. "Mlango tu ndio mdogo, Mheshimiwa. Ndani kupana!"

"Basi tangulia."

Nanyi mnajua, ukoo wa ngiri huingia nyumbani kinyumenyume, ili uso ubaki ukimtazama adui. Ngiri akageuka, akasukuma. Udongo ukamegeka, mkia ukaingia, mapaja yakaingia, halafu, kwap! Akanasa kiunoni.

"Vipi sebule, mzee?" Nguchiro akauliza.

"Ni... ni pana."

"Basi songa, Mwenyekiti naye apite!"

Kutoka ndani ikasikika sauti nyembamba. "Mama, mgeni kafika sebuleni! Tumpe nini?"

"Mpeni mnachompa nyoka, wanangu!"

Meno madogo yakaanza kazi. Ng'wa! ng'wa!

"Yalaa! Yalaaa! Si sebule! Ni tundu! Tundu la nguchiro!"

"Rudia, mzee," Mama Kanga akapaza sauti, "huku nyuma hatujasikia!"

"TUNDUUU!"

Kijiji kikaangua kicheko. Kiboko akakohoa. "Hm. Tundu halina kodi. Haya, mvuteni atoke."

"Msimvute!" Nguchiro akaruka mbele. "Mtaibomoa nyumba ya bibi yangu. Mzee, fukua hilo tope lililo mbele yako, utatoka mwenyewe."

"Mimi? Mthamini mzima nichimbe?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe, mzee, jembe umezaliwa nalo mdomoni."

Ngiri akafukua kwa meno yake, chwa! chwa! Mtu mmoja akaanza kugonga debe tupu, ndu! ndu! ndu! Mlio ule ule wa zamani. Hakuna aliyeamrisha, lakini mara wengine nao wakainama, wakachimba kuelekea kijijini. Nguchiro akasahau kucheka. Mdundo ule alikuwa hajausikia tangu bibi azikwe.

Ghafla, bubujiii! Maji yakafunguka, yakapita mlangoni, yakalainisha udongo. Ngiri akachomoka, pwaa! na koti lake, akadondokea miguuni pa Kiboko.

Kiboko akajifuta tope usoni. "Ndugu wananchi, kama tulivyoahidi, Halmashauri imechimba mtaro."

Walicheka mpaka jua likaenda kulala.

Jioni ile watoto waliziba mlango uliomegeka, na Nguchiro akapapasa ukuta kama kawaida. Nje maji yalikuwa yakinong'ona. "Sikilizeni, wanangu," akasema. "Bibi yangu alikuwa akilala na sauti hii."

Basi, wadogo zangu, nami nimefika mlangoni kwangu: anayetaka kupima nyumba ya mwenzake, kwanza aingie ndani.